Kicheko Chini ya Meza

Kicheko kilikuwa kimezidi. Ndivyo Natalia alivyojiambia akiwa chuoni Dar es Salaam, ameinamia kinasa sauti, wembe mkononi. Kila mzee Lupakisyo alipotamka neno watu walicheka, na kila walipocheka neno lilizama. Mwalimu wake alikwishamwonya kwamba sauti isiyosikika vizuri si utafiti, ni kelele. Basi akakata. Akaunga ncha kwa ncha, akasikiliza, akakata tena. Vipande vya ukanda vilianguka chini ya meza vikajikunja hapo, na kesho yake mfagiaji akavizoa pamoja na vumbi.

Usimwonee huruma mapema. Huyu hakuwa mtoto wa mjini asiyejua mila za watu. Alikuwa binti wa mwalimu Samweli wa Mvumi, humu humu wilayani Kilosa, amekulia kwenye mahindi na mbaazi kama wenzake, na tangu utotoni alijua mtani ni nani na anafanya nini msibani. Angekuwa mgeni tungesema hakujua. Yeye alijua, ndiyo maana habari yake inauma.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Natalia alikuwa akisomea shahada ya pili katika mambo ya habari na mawasiliano, na utafiti wake ulihusu redio na wakulima. Kazi ilikuwa na sehemu mbili: tasnifu, na kipindi cha redio cha nusu saa alichotakiwa kukitunga mwenyewe. Tasnifu ilimchosha. Kipindi alikipenda mno, kama mtu anavyokipenda kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Alikiita "Ghala Letu," na ndani yake wanakijiji walieleza jinsi walivyolima shamba la pamoja, wakajenga ghala, wakaweka akiba ya mahindi ili njaa isiwakute mikono mitupu. Yalikuwa maneno mazuri, lakini yamepooza. Kila aliyesogezewa maikrofoni alizungumza kana kwamba yuko jukwaani. Aliyezungumza kama binadamu alikuwa mmoja tu, Lupakisyo.

Sauti hiyo aliipata msibani. Natalia alikuwa amepiga kambi katika kijiji kimoja karibu na Ulaya, mji mdogo wa humu humu Kilosa, akirekodi, wakati mtunza ghala wa kijiji alipofariki kwa homa. Jina lake Kornelio, mtu mpole mwenye kuchechemea, aliyetembea na ufunguo wa ghala shingoni hadi watoto wakamwita Baba Ufunguo. Akazikwa. Mjane wake, Teresia, alikaa mkekani akiutazama ukuta, hali, hasemi. Ndipo Lupakisyo akaja.

Lupakisyo alikuwa Mnyakyusa aliyekuja ujanani kukata mkonge Kimamba na hakurudi kwao tena. Huko kambini alilala chumba kimoja na Kornelio, Msagara, na kwa kukata safu moja na kula chungu kimoja wakawekeana utani, ule utani wa kweli, wa kutukanana bila kukasirikiana na wa kuzikana. Siku ile alikuwa amevaa koti la marehemu, ameshindilia mto tumboni, ufunguo shingoni, anachechemea vile vile. Akasimama mlangoni.

"Mimi Kornelio," akasema kwa sauti ya marehemu, "mtunza ghala wenu, nimekula mahindi yenu mpaka tumbo limenipasuka. Ndicho kinachoniua. Msimsingizie mbu. Wala sikula peke yangu, muulizeni mke wangu, ndiye aliyekuwa akisonga ugali."

Uwanja mzima ulipasuka. Kila mtu alijua kwamba Kornelio hakuwahi kuchukua hata punje. Mwaka wa njaa yeye ndiye aliyekonda kuliko wote, na ufunguo unaning'inia kifuani pake. Teresia aliinua uso, akalitazama lile tumbo la mto, akacheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Jioni hiyo alikula. Natalia naye alicheka. Kwa kuwa maikrofoni alikuwa ameishika yeye, kicheko chake kilikaa kwenye ukanda kikubwa kuliko vyote, cha kukwama na kukoroma kidogo. Alipokisikia chuoni aliona haya. Mtafiti hatakiwi kusikika. Ndicho alichoanza kukikata, na vya wengine vikafuata.

Alikuwa ametunga pia sentensi ya kueleza kuwa huyu ni mtani anayemwigiza marehemu. Kipindi kilipozidi muda, sentensi hiyo nayo ikaenda na wembe. Nani katika nchi hii, alijiuliza, asiyejua utani?

Jibu alilipata mjini Kilosa. Viongozi wa vijiji walikusanyika kwenye semina, mwalimu wake akasafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuona kazi ya mwanafunzi wake ikisikilizwa na wenyewe, na kinasa sauti kikawekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Kipindi kilianza vizuri. Watu walitikisa vichwa kukubali. Kisha ikaja sauti ya mzee, polepole, safi, bila chochote nyuma yake. Mimi Kornelio, mtunza ghala wenu, nimekula mahindi yenu. Natalia alisubiri wacheke. Hawakucheka. Mto wa tumboni hauonekani redioni, wala kuchechemea, wala yule mjane anayejifuta machozi. Hapo ndipo yeye mwenyewe alipoisikia kwa mara ya kwanza kama wao walivyoisikia: ni mtu anayekata roho, anatubu.

Lazaro alisimama. Huyu alikuwa katibu mpya wa kijiji kile, aliyehamia baada ya mazishi. Hakuwahi kumwona Kornelio wala kusikia sauti yake.

"Ndugu zangu, kumbe alikiri mwenyewe kabla hajafa!" alisema kwa hasira. "Tena amemtaja na mkewe. Nami kila siku napita mbele ya nyumba ya yule mama nampa pole! Ndugu mtafiti, ahsante sana. Bila wewe tungeendelea kufumbwa macho."

Mwalimu akamwinamia Natalia. "Kazi safi," alimnong'oneza.

Hapo palitakiwa maneno machache tu. Huo ni utani, nimekata vicheko. Lakini kuyatamka kulikuwa kukiri mbele ya mwalimu na ukumbi mzima kwamba ile kazi safi ilisafishwa kupita kiasi, na shahada ingekwenda nayo. Alijiambia atamweleza katibu baadaye, faraghani, kistaarabu. Watu wakampigia makofi. Alisimama akainama kuyapokea, na alipomaliza kupeana mikono na wakubwa, katibu alikwishapanda lori. Mchana ule alikula pilau na mwalimu wake, akasifiwa tena, akaitikia "ndiyo mwalimu" kila alipotakiwa kuitikia. Nyama ilimkaa mdomoni hadi akaitema kwenye leso.

Alipokwenda kijijini alijitungia maneno njia nzima. Alibeba sukari na majani ya chai kama mtu anayekwenda kuhani msiba, na alikuwa karibu kujiaminisha kwamba kweli anakwenda kuhani. Kwenye ghala alikuta kufuli jipya. Nyumbani kwa Teresia alikuta vihenge vimemwagwa uani, mahindi ya mwanamke huyo mwenyewe, jasho lake, yamechanganyika na mchanga na kuku wanadonoa. Walikuwa wamempekua.

Teresia alikuwa bado mkekani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi. Hakuna karibu, hakuna habari za safari. Natalia alibaki amesimama na sukari yake mpaka jirani mmoja, Mwamvua, aliyekuwa akipepeta yale mahindi, alipomsogezea kigoda kwa mguu. Mwamvua hakuwa mtu wa kuficha kilicho moyoni.

"Tanga la Kornelio lilikuwa lianuliwe wiki iliyopita," alisema. "Nani wa kulianua? Mtani ndiye afagie nyumba, ndiye agawe nguo za marehemu, ndiye amwinue mfiwa mkekani. Lupakisyo amekimbia. Yuko Mikumi kwa bintiye, anasema mdomo wake umemuua Kornelio mara ya pili. Na huyu hawezi kushika jembe kabla tanga halijaanuliwa. Mvua hiyo hapo mlimani, unaiona. Asipopanda sasa, mwakani atakula nini? Hayo mahindi ya ghala anayoambiwa kaiba?"

"Hamkumweleza katibu kwamba ni utani?"

"Tumemweleza mpaka tumechoka. Anasema sisi ni majirani, tunafichana."

Ndipo Teresia akasema, bila kugeuka. "Mimi nilimwambia tulicheka. Akaniuliza, utani gani huo usiochekwa? Amesikia kwa masikio yake, hapakuwa na kicheko. Mwanangu, wewe ulikuwepo. Mimi nilicheka au sikucheka? Siku hizi nimeanza kujiuliza. Labda mtu aliyefiwa na mume hawezi kucheka, labda niliota."

Uso umeumbwa na haya, na Natalia aliusikia wake ukiwaka hadi masikioni. Homa ilimnyang'anya mwanamke huyu mumewe. Kicheko chake, kile kilichomrudishia hamu ya kula, nani aliyemnyang'anya?

"Ulicheka, mama," alisema.

Alitakiwa aongeze kwa nini hakikusikika. Hakuongeza. Aliweka sukari chini, akasema atakwenda kumleta Lupakisyo, akatoka upesi kama mwizi wa kuku.

Kwenye treni ya kwenda Mikumi alijua kwamba habari ilikuwa imemtangulia. Mama mmoja mwenye tenga la nyanya alikuwa akiwasimulia wenzake juu ya mtunza ghala aliyekiri wizi kitandani, huku mkewe amemshika kichwa, na chuo kikuu kikarekodi. "Chuo kikuu hicho," mama alisisitiza, "si maneno ya mtaani." Wenzake wakaguna. Mmoja akamgeukia Natalia kama vile kumwomba athibitishe, maana alivaa viatu vya kisomi. Natalia akatazama nje dirishani, kwenye majani makavu ya mbugani, mpaka shingo ikamuuma.

Agnesi, binti wa Lupakisyo, alikuwa akiwapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mzee alikuwa nyuma ya kibanda, anamenya mihogo, ameipa barabara mgongo. Natalia alimkumbuka mtu asiyeweza kumwona mgeni bila kumtupia neno. Alimpa shikamoo, akaitikiwa tu. Malori yalipita. Maganda yaliendelea kuanguka.

"Nimezika wengi," mzee alisema mwishowe. "Tangu kambini. Mfiwa akikaa kama gogo, mimi namtukania marehemu wake hadi acheke. Akicheka, najua ataishi. Ndiyo kazi yangu, Mungu hakunipa nyingine. Leo nimekuwa shahidi. Eti nimemshitaki Kornelio! Tena kwa sauti yake mwenyewe." Akaweka kisu chini. "Nieleze kitu kimoja, binti. Siku ile walicheka. Hadi mbwa walibweka. Kile kicheko kilikwenda wapi?"

"Nilikikata, baba."

"Kicheko kinakatwa?"

"Kwa wembe. Sauti inakaa kwenye ukanda. Ukitoa kipande na kuunga, anayesikiliza hajui kama palikuwa na kitu."

Mzee alimkazia macho, akitafuta kama anataniwa. "Na chako je? Maana wewe ulicheka kama fisi."

"Changu ndicho nilichoanza nacho."

"Kwa nini?"

"Mtafiti hatakiwi kusikika."

Lupakisyo aliokota muhogo mwingine, akaumenya wote kabla ya kujibu. "Nitakuja kumwinua Teresia. Siji kwa ajili yako. Lakini sitafungua mdomo wangu pale kabla hujafungua wako, na katibu awepo. Hukutaka kusikika. Basi ukasikike."

Siku ya kuanua tanga uwanja ulijaa. Lazaro alikuja amekunja uso, ufunguo wa lile kufuli jipya mfukoni, akakaa kwenye kiti alichowekewa. Lupakisyo alikuja na koti la marehemu begani, hajalivaa. Watu walimtazama yeye, yeye akamtazama Natalia, mpaka macho yote yakahamia huko.

Alisimama. Maneno aliyoyatunga njiani, yale ya kitaalamu juu ya uhariri na ubora wa sauti, yalimpotea yote.

"Ndugu katibu," alisema, "Kornelio hakukiri kitu. Sauti ile ni ya mzee Lupakisyo, alikuwa anatania, na watu walicheka. Mimi nilikata vicheko ili kipindi changu kiwe safi. Na kule ukumbini nilijua mmeelewa vibaya, nikanyamaza, kwa sababu mlikuwa mnanisifu."

Mwamvua alisonya kwa nguvu hadi watoto wakageuka.

"Hivyo vicheko viko wapi?" Lazaro aliuliza.

"Vilifagiliwa."

"Basi sina kitu ila neno lako. Juzi ukanda wako ulisema hivi, leo mdomo wako unasema vile. Nikuamini wapi?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kudanganywa. Akautazama uwanja mzima, kisha akamrudia Natalia. "Hawa wote wataniambia walicheka. Wewe si jirani yao. Wewe ulifanya nini aliposema maneno yale?"

"Nilicheka."

"Mtu amekufa, mjane wake yuko hapa mkekani, nawe mgeni ukacheka?"

"Nilicheka kuliko wote. Nilicheka hadi nikakoroma, maikrofoni ikataka kuniponyoka. Ndiyo maana niliona aibu nikakata. Mtu hawezi kucheka hivyo kwa habari ya wizi, ndugu katibu."

Waliokuwa karibu walimwona Lazaro akitafuta mahali pa kuweka macho, na macho yakaenda yenyewe kwenye vile vihenge vilivyomwagwa. Aliinuka, akautoa ufunguo mfukoni, akapiga goti na kuuweka mkekani mbele ya Teresia.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nimekuvunjia heshima, wewe na marehemu." Kisha akamgeukia Natalia. "Haya uliyoyasema hapa, utayasema Kilosa. Ukumbi ule ule, mwalimu wako akiwepo, na wote waliokupigia makofi."

"Nitasema."

"Na shahada yako?"

Natalia alikuwa akimwona mwalimu wake tayari, akivua miwani, akimwuliza ni vipande gani vingine alivyovikata.

Ndipo Lupakisyo akavaa koti. Alifagia nyumba kutoka chumbani hadi mlangoni, akagawa mashati ya marehemu kwa ndugu zake, koti akajibakizia kwa haki ya mtani, akamshika Teresia mkono na kumwinua mkekani. Halafu akaokota gunzi, akalisogeza mdomoni kama maikrofoni, akabana magoti na kusema kwa sauti nyembamba ya kisomi:

"Mimi Natalia, msomi wenu, nimekula vicheko vyenu mpaka tumbo limenipasuka. Msimsingizie mfagiaji."

Uwanja ulipasuka. Mbwa walibweka. Teresia, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, alijishika mbavu akacheka, sauti ile ile ambayo Natalia aliifahamu vizuri, maana aliisikiliza mara nyingi kabla ya kuikata. Hata Lazaro midomo ilimcheza. Desturi ni kwamba anayetaniwa acheke. Asipocheka amekasirika, na anayemkasirikia mtani hutozwa faini. Natalia akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, akatoa sauti moja kavu isiyomdanganya mtu yeyote, kisha akajifunika uso kwa viganja.

"Faini!" watu walipiga kelele. "Huyo atoe jogoo!"

"Mwacheni," Teresia alisema, akilichukua jembe lililoegemezwa ukutani. "Tanga langu limeanuliwa. Lake bado."